Mpishi wa Hamira na Deni la Vifuniko

"Nasema hivi: vifuniko vyangu vyekundu viko wapi?"

Chumba cha chai cha maabara kilikuwa kimejaa. Aliyekuwa anakoroga aliacha kijiko ndani ya kikombe, aliyekuwa anatafuna akameza hivyo hivyo. Mpishi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, aproni ya plastiki imelowa tumboni, na macho yake hayakuzunguka kutafuta. Yalikuwa yameshampata.

"Nitavirudisha, mama," alisema binti mwembamba aliyekaa karibu na dirisha.

"Utavirudisha! Wimbo huo nimeusikia mpaka naujua na vibwagizo vyake. Mtu akiazima sufuria kwa jirani huirudisha imeoshwa. Wewe hata chafu huirudishi!"

"Niliviweka kwenye chupa zangu za maji ya kusuuzia, mama. Siku ile nilikuwa na haraka."

"Nani? Wewe? Haraka?" Mpishi aliwageukia wengine kama anayeita mashahidi. "Jamani sikieni, Taratibu ana haraka! Kobe kanunua pikipiki!"

Wakacheka. Hata wasiopenda walicheka, maana jina la Taratibu alilitoa Mpishi mwenyewe, na lilikuwa limemkaa yule binti kama kofia ya kupimiwa: anatembea taratibu, anasema taratibu, anashika sahani za hamira kama anayeshika kifaranga. Binti aliinamia chai yake. Masikio yalimwiva.

Kelele zikamtoa Profesa ofisini kwake, mzee mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Mama, kuna nini tena?"

"Profesa, mimi nimechoka. Huyu mtoto hana mpango. Anachukua vitu bila kuomba, chupa zangu anaziacha wazi kama midomo ya makinda. Leo vifuniko, kesho hamira zenyewe atazichanganya. Mimi nasema mbele ya wote, mwenye masikio asikie: siku mambo yakiharibika humu ndani, msihangaike kwenda kwa mganga. Mchawi ni huyu hapa."

"Tumekusikia, Mama," Profesa alisema.

Walimsikia kweli, na shida ilianzia hapo hapo. Maneno yale ndiyo yaliyokuja kumfanya Mpishi azunguke nyuma ya jengo, kwenye matope na mapipa ya taka, ili asipite mbele ya chumba cha chai.

Mpishi hakuwa mpishi wa watu. Alipika chakula cha hamira. Majirani zake hawakuacha kumtania: "Sisi hamira inatuumulia mkate, wewe unaipikia! Nani kamwajiri mwenzake?" Naye aliwajibu kwamba hamira haisemi chakula hakina chumvi, kwa hiyo ni afadhali hamira kuliko waume zao. Maabara ile aliingia na fagio, elimu yake ya darasa la saba ikiwa imekunjwa kwenye bahasha ambayo hakuna aliyeifungua. Alifagia miaka mingi mpaka mpishi wa zamani alipozeeka akamwonyesha kazi: kupima unga, kuchemsha, kumimina kwenye sahani ndogo za plastiki, kungoja ugande kama uji uliolala. Tangu hapo fagio akamwachia mwingine, na ulimi ukamwongezeka urefu.

Waliokuwa wakila kwake, yaani hizo hamira, walikuwa wagonjwa. Watu wa maabara walichunguza jambo dogo kuliko udogo wenyewe. Ndani ya kila chembe ya hamira, kama ndani yetu sisi, mna majiko madogo yanayochoma chakula kwa hewa. Wasomi huyaita mitokondria. Majiko hayo yana vibarua, vichukuzi vya RNA, vinavyobeba matofali ya kujengea jiko lenyewe. Sasa vichukuzi hivyo huzaliwa na mikia ya ziada, mbele na nyuma, na lazima ikatwe ndipo viweze kubeba. Kuna mkasi wa kuikata, na mkasi wenyewe hutengenezwa kwa maagizo ya jeni. Jeni ikiwa na kasoro, mkasi huwa butu. Mkasi ukiwa butu, kichukuzi hakibebi. Kisipobeba, jiko halijengwi, na hamira haipumui.

Siku Mpishi alipojaribu kumweleza mumewe haya, mume, ambaye ni fundi cherehani, alimsikiliza huku anaondoa nyuzi kwenye pindo la sketi.

"Kwa hiyo nyie mnachunguza umaliziaji," alisema.

"Umaliziaji gani?"

"Nguo ikitoka kwenye cherehani, nyuzi zinaning'inia. Usipozikata, hiyo bado si nguo."

Mpishi aliitazama ile sketi. "Ndiyo," alisema. "Basi ni umaliziaji."

Hamira isiyopumua haifi mara moja. Ukiipa sukari, itaichachusha na kujiendea, imedumaa, kama mtu anayeishi kwa kukopa. Ila ukiinyima sukari ukaipa gliserini, ambayo haiwezi kuiva bila hewa, hapo haioti. Kwa hiyo kazi yote ya maabara ilisimama juu ya sahani za aina mbili, za sukari na za gliserini, na sahani zote zilitoka mikononi mwa Mpishi. Taratibu alikuwa anatafuta jeni ambayo, ikiongezwa kwa hamira yenye mkasi butu, itaufanya mkasi ukate tena. Mgonjwa akiota kwenye gliserini, kapona. Alikuwa ametafuta muda mrefu, sahani kwa sahani, na hakuna aliyepona.

Sasa ona ujanja wa vitu hivi viwili. Maji ya sukari yaliyokolea na gliserini vyote ni vyeupe, vyote ni vizito, vyote ni vitamu ulimini. Ukiviandika kwa kalamu, mvuke wa kuua vijidudu unafuta. Ndiyo maana maabara ile iliishi kwa rangi za vifuniko: chekundu sukari, cha buluu gliserini. Na vifuniko vyenyewe, kwa kuwa vilikuwa vya zamani na mvuke ulikuwa unavikunja, havikuingia kwenye mtungi wa mvuke. Chupa ziliingia zimezibwa midomo kwa karatasi ya bati, za sukari upande wa kulia wa kikapu, za gliserini upande wa kushoto. Zikitoka ndipo zinavalishwa. Hiyo ilikuwa taratibu ya Mpishi, na hakuwahi kuikosea.

Zaidi ya hapo, alikuwa na Mgonjwa. Mgonjwa ilikuwa hamira iliyopoteza majiko yake kabisa, isiyotibika kwa mkasi wala kwa dua. Kila Mpishi alipomimina sahani mpya za gliserini, aliipaka Mgonjwa juu ya sahani moja akaiacha kwenye kabati la joto. Isipoota, basi sahani ni safi, na Mpishi anatia alama ya kijani kwenye pakiti. Ile alama ilikuwa neno la mwisho. Hakuna mwanafunzi aliyepima tena juu yake. Ingekuwa sawa na kuonja upya mchuzi wa mama mkwe huku anakutazama.

Siku ya ule ugomvi Mpishi alirudi jikoni kwake maneno bado yanamchemka mdomoni. Mfagiaji alikuwa anapiga deki, na Mpishi akamsimulia yote upya, na nyongeza. Alifungua mtungi wa mvuke, akanyanyua kikapu kwa glovu nene, na alipofika kwenye "Kobe kanunua pikipiki" aligeuka kumwonyesha yule mwanamke jinsi Taratibu alivyoinama. Akageuka na kikapu chake. Kikatua mezani, nyuma mbele.

Upande wa kulia ukawa kushoto. Mpishi akaanza kuvalisha vifuniko huku anasimulia. Alipofika kwenye vyekundu hakukuwa na hata kimoja, kama alivyojua, na hasira ikampanda upya. Chupa zilizobaki bila kifuniko aliziacha na karatasi yake ya bati akazisukuma nyuma ya rafu. Kisha akachukua zenye vifuniko vya buluu, akamimina sahani za gliserini ambazo hazikuwa za gliserini.

Bado Mgonjwa angemwokoa. Lakini siku ya kumpaka Mgonjwa Mpishi alikuwa ofisini kwa Profesa, akidai malalamiko yake yaandikwe. Aliporudi jikoni, Taratibu akaja mlangoni kuuliza kama sahani ziko tayari. Mpishi alizitazama zile pakiti. Akatazama friji alimolala Mgonjwa. Akachukua kalamu ya kijani, akatia alama pakiti zote, akamsogezea bila kumtazama usoni.

"Chukua. Na usirudi hapa bila vifuniko vyangu."

Baada ya siku chache Taratibu alikuja anakimbia. Kukimbia kwenyewe kulikuwa habari. Alishika sahani kwa mikono miwili, na usoni alikuwa na kicheko ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kukiona.

"Mama, njoo uone! Zimeota, mama. Zimepona!"

Kati ya watu wote wa jengo lile alimkimbilia Mpishi kwanza. Mpishi hakujua kwa nini, na siku ile hakutaka kujua. Aliinama, akaona vitone vimestawi juu ya sahani, vimevimba vizuri, vyeupe kama maziwa.

"Zimeota," alisema. "Na vifuniko vyangu?"

Kicheko cha binti kikashuka kidogo kidogo, kama maji kwenye beseni lililotoboka. "Nitakuletea, mama," alisema, akaondoka na sahani yake.

Habari zikaenea. Profesa alimsifu mbele ya wote. Taratibu alimpigia simu mama yake akiwa kwenye korido, na wapita njia wote walimsikia akisema, "Ndiyo, mama, mimi. Mimi mwenyewe." Lakini Profesa hakuwa mtoto mdogo. Wagonjwa waliopona walikuwa wengi mno. Jeni zisizohusiana hata kwa ujomba zote eti zimeponya mkasi ule ule. Akataka sahani mpya. Mpishi akamimina nyingine kutoka kopo jipya la gliserini, na safari hii akampaka Mgonjwa kama desturi. Taratibu akarudia kazi yote.

Hakuna kilichoota.

Mpishi alikuwa amepeleka pakiti za sahani alipopita mbele ya ofisi ya Profesa. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Mara ya kwanza zimeota zote, mara ya pili hakuna hata moja," Profesa alikuwa anasema. "Unanieleza nini hapo? Umechanganya hamira, au umefanya kitu ambacho sitaki kukitaja."

"Sikuchanganya, Profesa."

"Alama ya Mama ilikuwepo kwenye pakiti, kwa hiyo si sahani. Na si mimi peke yangu ninayesema. Hata Mama alishatuonya kuhusu utendaji wako, mbele ya watu wote. Nilidhani anazidisha." Daftari likafungwa. "Kazi hii nitampa mtu mwingine. Tutazungumza Ijumaa, kwenye kikao cha chai."

Kiti kilisogea. Mpishi akaendelea na njia yake, na, Mungu amsamehe, alikuwa anatabasamu. Nilisema mimi, aliwaza. Si nilisema?

Tabasamu hilo lilidumu mpaka jikoni tu. Akiba ya zamani ya sukari ilikuwa imekwisha, na alikumbuka zile chupa alizozisukuma nyuma ya rafu. Akapanda kigoda, akazivuta. Chupa ya kwanza ilipofika kwenye mwanga wa dirisha, mkono wake ulisimama hewani.

Sukari ikipita kwenye mvuke hubadilika rangi kidogo. Haiwi nyeupe tena. Inakuwa na umanjano wa mbali, kama majani makavu yaliyolowekwa. Gliserini haibadiliki. Na chupa aliyoishika, iliyopaswa kuwa ya sukari, ilikuwa nyeupe kama machozi.

Alishuka. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na chupa mbili za kifuniko cha buluu za mkupuo ule ule ambazo hazikutumika. Akazinyanyua kwenye mwanga moja baada ya nyingine. Zote za manjano. Manjano ya mbali, lakini kwenye mwanga hata mtu mwenye mtoto wa jicho angeyaona. Siku ile alikuwa na macho yake mawili, mazima. Alikuwa hatazami. Alikuwa anasimulia.

Akakaa juu ya kigoda. Masikio yake yaliwaka moto, na alijua ni moto gani, maana aliwahi kuuona kwenye masikio ya mtu mwingine.

Hakutaka kuamini rangi peke yake. Kwenye chumba cha baridi ilikuwa imebaki pakiti moja ya zile sahani, na alama yake ya kijani juu, imechorwa kwa mbwembwe. Akachukua sahani moja, akapaka Mgonjwa, akaiweka kwenye kabati la joto, akangoja. Na alipofungua kabati, Mgonjwa, asiyeota kwenye gliserini hata umwimbie, alikuwa amestawi kama mtoto anayelelewa na bibi yake. Alikuwa amelishwa sukari.

Sasa usifikiri alitoka mbio akatubu. Mpishi alichukua chupa moja ya buluu, akaimimina kwenye sinki. Alifungua bomba ili maji yaipeleke mbali. Maji ya sukari yalizunguka kwenye tundu, yakanata pembeni, yakaenda. Akachukua ya pili, akaiinamisha, na mkono ukakataa. Si kwamba alikuwa mwema ghafla. Alijiona tu kwenye kioo cha dirisha: mwanamke mzima, aproni imelowa tumboni, anaficha chupa kama mtoto aliyevunja kikombe. Akairudisha kwenye rafu. Akatoka kwa mlango wa nyuma, kwenye mapipa.

Nyumbani aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mumewe alikuwa kwenye cherehani chumba cha mbele, anamalizia suti ya mtu.

"Mama watoto, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona tangu uingie hujamsema mtu hata mmoja? Nimeanza kuogopa."

Mpishi alikuja na kitambaa cha vyombo mkononi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ukikata vibaya kitambaa cha mteja, unafanyaje?"

"Vibaya kwa kurekebishika?"

"Vibaya vibaya."

"Naenda kwake kabla hajaja kwangu. Akija yeye kwanza, hata nikisema kweli, itakuwa kweli ya kubanwa mlangoni."

"Na kama umeshawaambia watu kwamba mteja ndiye aliyeleta kitambaa kibovu?"

Cherehani ikaacha kulia. Mume akamtazama juu ya miwani yake.

"Watu gani?"

"Wote."

"Basi hapo kwenda kwa mteja peke yake haitoshi," alisema polepole. "Itabidi niende kwa hao wote." Akaweka mkasi chini. "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Akamwambia. Alipofika kwenye tabasamu mbele ya mlango wa Profesa, aliliruka, halafu akarudi akalisema na hilo. Mumewe hakucheka wala hakumgombeza. Ingekuwa nafuu angemgombeza.

"Wataniondoa kazini," Mpishi alisema.

"Wanaweza."

"Na watanicheka. Yule mfagiaji ataisimulia mpaka nizikwe."

"Ataisimulia vizuri," mume alisema. "Amefundishwa na wewe."

Ijumaa chumba cha chai kilijaa. Taratibu alikaa karibu na dirisha, pale pale pa siku zote, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyevaa tayari kwa safari. Profesa alivaa miwani yake, akakohoa.

"Kabla ya mengine, kuna jambo la kazi ya mwenzetu…"

"Profesa, samahani." Mpishi alikuwa mlangoni, pale pale alipoweka mikono kiunoni siku ile. Leo mikono ilikuwa imejaa: chupa ya kifuniko cha buluu, chupa ya karatasi ya bati, na sahani. "Naomba nianze mimi."

"Mama, ngoja tumalize hili."

"Ni hili hili."

Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Haya, vifuniko hivyo vinarudi," na watu wawili watatu wakacheka tayari, maana walimzoea. Mpishi aliweka vitu vyake mezani katikati ya vikombe. Alikuwa amejipangia maneno njiani, maneno mazuri, yenye adabu. Hakuna hata moja lililobaki.

"Chupa hii ina kifuniko cha gliserini. Ndani ni sukari. Mtazame rangi. Na hii ya bati, mnayodhani ni sukari, ndiyo gliserini. Nilivalisha vibaya. Nilikuwa nasimulia… nilikuwa namcheka mtu, nikageuza kikapu." Akashika ukingo wa meza. "Hamira zake ziliota kwa sababu mimi nilizipa sukari. Huyu binti hakuchanganya kitu. Mimi ndiye niliyechanganya."

Sasa hakuna aliyecheka. Profesa alinyanyua chupa kwenye mwanga, kisha sahani.

"Huyu ni Mgonjwa?"

"Ni Mgonjwa."

"Mama. Pakiti zilikuwa na alama yako ya kijani."

Neno hilo alikuwa ameliombea lisije. "Ndiyo."

"Ulipima?"

"Sikupima. Nilitia alama tu." Akaona wanafunzi wakitazamana, wale waliokuwa wanaichukua alama ile kama kiapo. "Nilikuwa ofisini kwako, namshitaki."

Kule nje mtu alisukuma toroli lenye gurudumu bovu, likalia mpaka mwisho wa korido. Mpishi alijilazimisha kumgeukia Taratibu.

"Binti, nilikuita mchawi mbele ya hawa. Mbele ya hawa hawa nasema, mchawi nilikuwa mimi. Na sikuja siku ile ile niliyojua. Nilimwaga chupa moja kwanza. Nisamehe, mwanangu. Ukiweza."

Taratibu alikuwa anatazama ile sahani ya Mgonjwa, na taratibu, kama alivyofanya kila kitu, machozi yalianza kumtoka. Mpishi alidhani ni ya nafuu, mpaka binti aliposema kwa sauti ndogo, si kwa yeyote:

"Kwa hiyo kweli hakuna iliyopona."

Hapo ndipo Mpishi alipoona kina cha alichokifanya. Jina la binti limerudi, ndiyo. Lakini ile furaha, zile mbio, ile simu ya "mimi mwenyewe, mama", vyote vilikuwa vya sukari.

Profesa alimwomba radhi Taratibu pale pale, naye kwa aibu yake, kwamba aliamini neno la hasira kuliko kazi aliyoiona kwa macho. Kazi ilibaki kwa binti. Mpishi hakuondolewa, ila kalamu ya kijani alinyang'anywa: kuanzia siku ile kila mwanafunzi alitakiwa kupima sahani zake mwenyewe. Lilikuwa jambo dogo, na hakuna aliyelisema kwa ukali. Mpishi angependa lisemwe kwa ukali. Mfagiaji, kwa upande wake, alisimulia vizuri sana, na alipofika kwenye habari ya kikapu aligeuka mwili mzima, na dekio lake mkononi.

Wiki zikapita. Mpishi alipika, akamimina, akaosha, mdomo umefungwa. Watu walianza kusema jiko limekuwa kama msiba. Alirudi kupita mbele ya chumba cha chai, kwa kuwa alijua kupita nyuma ni kujificha tena, lakini alipita anatazama sakafu. Hakuita mtu Taratibu. Alimwita binti, na akimwita hivyo ulimi ulikuwa mzito.

Asubuhi moja binti aliingia jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sahani zangu ziko tayari?"

"Ziko tayari. Nimezipima." Akafuta mikono kwenye aproni. "Najua nawe utapima. Lakini nimezipima."

"Nionyeshe."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyouliza maji yamechemka. Mpishi alikwenda kwenye kabati la joto, akaleta sahani aliyopaka Mgonjwa, akaiinua dirishani. Ilikuwa tupu, safi, hakuna hata kitone. Binti aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akatazama na chini yake. Mpishi alisimama akingoja, kama alivyowangojesha wengi.

"Sawa," binti alisema.

Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti lake kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya meza. Vifuniko vyekundu, vimeoshwa, vimekaushwa, hata ile mifereji ya ndani imesuguliwa kwa mswaki.

"Deni lako, mama."

Mpishi aliviangalia, akahisi moto ule ule unampanda masikioni. "Binti, hivi… hivi kaa navyo tu. Mimi siwezi kukudai kitu."

"Ulinidai mbele ya watu, na nilikuwa navyo kweli. Ningekuletea mapema, ila kila nikivishika nilikuwa nasikia watu wanacheka." Akavisogeza karibu zaidi. "Kimoja kilipasuka. Nitakitafutia kingine."

"Hicho nimekusamehe," Mpishi alisema haraka.

Akajisikia alivyosema. Kifuniko kimoja cha plastiki, kilichopasuka. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kumsamehe.

"Asante, mama," binti alisema, bila kejeli hata chembe, akachukua sahani zake, akazibeba kama anayebeba kifaranga, akaenda zake taratibu.

Mpishi alibaki na vifuniko. Vilikuwa safi, havikuhitaji kitu. Alijaza beseni maji ya moto, akavitia kimoja kimoja, akaanza kuviosha upya.